Sarafu za kale au medali za kidini: ukianza kukusanya, ushike kipi?

Shangazi yangu alipokuwa akihama nyumba kule Tanga alinisukumia kopo la bati, lile la biskuti lenye mfuniko wa kubana, akaniambia, "Mwanangu, toa unachokitaka. Kitakachobaki nampelekea sonara." Ndani mlikuwa na rupia moja ya Mjerumani, hela tano za shaba, shilingi kadhaa za Mfalme George, senti kumi moja yenye tundu katikati, na chini kabisa, vimefungwa pamoja kwa uzi wa pamba, vidude vitatu vya umbo la yai vyenye vitanzi. Medali. Nikachukua kopo zima, sonara akakosa.

Usiku uleule nilishajua kila sarafu ni ipi, ya mwaka gani na ilipigwa chapa wapi. Zile medali tatu zilinila miezi. Tangu hapo watu wawili watatu wameniuliza waanze kukusanya kipi kati ya hivi viwili, na kila mara najikuta narudi kwenye kopo lile. Sarafu hujitaja yenyewe; medali sharti uitafutie mashahidi. Yapo mengine ya kupima, bei na bandia na sheria, lakini hilo ndilo litakalokuchosha au kukunogea.

Kwa mwenye haraka:

| | Sarafu za kale | Medali za kidini |
|---|---|---|
| Mwaka | Karibu kila mara umeandikwa, tena ni wa kweli | Mara nyingi haupo. Ukiwepo huenda si wa kutengenezwa |
| Katalogi | Zipo, kila aina ina namba yake | Utalinganisha picha kwa picha |
| Bandia | Nyingi, hasa za fedha na dhahabu | Chache. Tatizo ni chapa mpya za sura ya zamani |
| Maandishi | Kiarabu, Kijerumani, Kiingereza | Kilatini, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani |
| Kuanza | Senti na hela za kawaida hazina gharama kubwa | Za shaba na alumini ni rahisi zaidi |

Miaka mitatu ya kutoiamini

Mtego wa kwanza unavinasa vyote viwili. Ukiokota kitu kimeandikwa 1780, 1830 au 1880, usikimbilie kushangilia.

1780 ni reale, sarafu kubwa ya fedha, ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alifariki mwaka huohuo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Yemen, Oman na pwani yetu walikuwa wameshaizoea sura yake na hawakutaka nyingine. Basi mitambo ikaendelea kuipiga na mwaka uleule. Mbali na Vienna, ilipigwa Roma kuanzia 1935, London kuanzia 1936, na hata Bombay wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zote ni fedha halisi ya sehemu 833 kwa 1,000, zote zina uzito wa gramu 28.07, zote zina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA ukingoni. Kwa hiyo reale yako inaweza kuwa halali kabisa na bado ikawa ndogo kwa umri kuliko bibi yako.

1830 ni Medali ya Miujiza. Mbele Bikira Maria amesimama juu ya dunia, miale ikitoka mikononi. Nyuma herufi M na msalaba, mioyo miwili chini yake, nyota 12 kuzunguka. Mwaka huo ni wa maono ya Mtakatifu Katarina Labouré huko Rue du Bac, Paris. Medali za kwanza zenyewe zilitoka 1832, mwaka ambao kipindupindu kiliikumba Paris, na tangu hapo hazijaacha kutengenezwa hata siku moja. Yenye 1830 inaweza kuwa imetoka kiwandani juzi.

1880 ni Medali ya Yubilei ya Mtakatifu Benedikto, iliyochorwa kuadhimisha miaka 1,400 tangu kuzaliwa kwake. Chini ya miguu ya mtakatifu utasoma EX S M CASINO MDCCCLXXX, yaani kutoka Mlima mtakatifu wa Cassino, 1880. Hiyo nayo inauzwa hadi leo kwenye maduka ya parokia.

Hesabu sasa. Upande wa sarafu, ile ya mwaka usioaminika ni moja tu kati ya zile utakazokutana nazo sana. Upande wa medali, ni zile mbili zinazopatikana kuliko zote. Hapo peke yake panamtosha mtu asiyependa mafumbo kuchagua sarafu.

Sarafu: anza na za bei ya chini, panda taratibu

Kiswahili chenyewe kinakupa msaada. Tunasema pesa, neno lililotujia kutoka Bara Hindi kwenye paisa; tunasema hela, na hela ni heller ya Mjerumani, sehemu ya mia ya rupia. Wazee bado wanasema sumni wakimaanisha senti hamsini. Ukitamka majina hayo umeshataja nusu ya kopo la shangazi.

Ningemshauri anayeanza aanzie na sarafu za Afrika Mashariki za enzi ya Mwingereza. Shilingi yenye simba na milima nyuma yake ilianza 1921, na hadi zile za 1946 ilikuwa na fedha robo tu, sehemu 250 kwa 1,000. Kuanzia 1948 fedha ikaondolewa kabisa. Senti tano na senti kumi zenye tundu zimejaa makopo ya watu, lakini tafuta zile za 1936 zilizoandikwa EDWARDVS VIII. Edward wa Nane aliacha ufalme Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji, na kwao Uingereza hakuna sarafu yenye sura yake iliyoingia sokoni. Za huku zilitoka kwa sababu sarafu yenye tundu haina sura ya mfalme, ina jina tu. Nazo si za bei ya kutisha. Ni vigumu kupata hadithi nzuri kama hiyo kwa gharama ndogo kama hiyo.

Hatua ya pili ni Mjerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, DOAG, ilitoa pesa za shaba kati ya 1890 na 1892, upande mmoja tai, upande wa pili Kiarabu kitupu, pamoja na rupia za fedha zenye Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Kuanzia 1904 serikali yenyewe ikachukua kazi, jina likabadilika kuwa DEUTSCH OSTAFRIKA, na rupia ikawa na hela 100. Tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Rupia ina gramu 11.66. Ikipungua kwa zaidi ya uchakavu wa kawaida, iweke chini.

Ukiona T, umefika Tabora. Mwaka 1916 meli hazifiki tena kwa sababu ya vita, Wajerumani wakapiga sarafu zao kwenye karakana ya reli: hela 20 za shaba na za shaba ya njano, zimepinda pinda, nyingine hazikukaa sawa kwenye mtambo, na ubovu huohuo ndio unaozipendeza. Walipiga pia rupia 15 za dhahabu yenye tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198 tu. Kwa idadi hiyo, mtu akikuonyesha tembo wa Tabora kwenye kiganja pale kituo cha basi, unajua la kufanya.

Zanzibar iko kando kidogo kwa sababu lazima usome namba za Kiarabu. Pesa ya Sultani Barghash bin Said ina mizani upande mmoja na mwaka ١٢٩٩, yaani 1299 Hijria. Kwa kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622: utapata 1882. Mizani hiyohiyo utaikuta kwenye pesa ya Mombasa ya kampuni ya Waingereza, ya 1888, na ndiyo inayowachanganya wengi. Ya Mombasa ina jina la mji kwa Kiingereza. Ya Barghash haina Kiingereza hata herufi moja.

Kilwa niiseme kwa ufupi, si kwa kukosa utamu. Ni vipande vidogo vya shaba vya masultani kuanzia karne ya 11, vingi havina mwaka wala mji, ila vina jambo ambalo sijaliona kwenye sarafu nyingine: maandishi ya pande mbili yana vina. Upande mmoja jina la sultani, Ali bin al-Hasan, upande wa pili kwamba anamtumaini Mola wa neema, na mwisho wa huku unalingana na mwisho wa kule kama mishororo ya shairi. Kimoja cha al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, kilipatikana Zimbabwe Kuu. Vitano viliokotwa ufukweni kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Lakini vya Kilwa ni vya makumbusho, sababu nitaifikia.

Medali: usitafute mwaka, tafuta vyeo

Nilipochoka kutafuta miaka isiyokuwepo nilikuja kugundua kwamba medali husema umri wake kwa njia za pembeni, na njia iliyo bora ni cheo cha mtu aliyechorwa. Kanisa humtangaza mtu mwenyeheri kwanza, mtakatifu baadaye, na tarehe zote zinajulikana. Theresia wa Lisieux alitangazwa mwenyeheri 1923, mtakatifu 1925. Medali inayomwita mwenyeheri, kwa Kifaransa Bienheureuse au kifupi chake, imebanwa kwenye miaka miwili. Bernadetta wa Lourdes: 1925 na 1933. Mashahidi wa Uganda walitangazwa wenyeheri 1920 na watakatifu 1964, hivyo medali yao ya wenyeheri ina nafasi ya miaka 44, si finyu sana, lakini kwa familia ya Masaka au Bukoba ni kitu cha kuwekewa ulinzi.

Sura ya papa husaidia kwa namna hiyohiyo, na maneno ANNO SANTO, Mwaka Mtakatifu, yakifuatwa na 1925, 1933 au 1950 ni moja ya nafasi chache ambapo mwaka kwenye medali unaaminika, kwa kuwa ziliuzwa kwa mahujaji wa mwaka huo.

Kisha madini. Alumini ilikuwa ghali mno hadi njia ya kuizalisha kwa umeme ilipogunduliwa 1886. Medali nyepesi kama kifuniko cha soda, ya kijivu, isiyofanya weusi, si ya kabla ya hapo, hata mwenye nayo akiapa kwamba ilikuja na wamisionari wa kwanza. (Kwa wapenda sarafu: senti za alumini za Afrika Mashariki na Uganda za 1907 ni miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za madini hayo, na hewa ya huku ilizila vibaya.) Medali ya fedha kutoka Ufaransa huwa na alama ndogo mno kwenye kitanzi, kichwa cha nguruwe mwitu kwa Paris au kaa kwa miji mingine, alama zilizoanza 1838. Utahitaji kioo cha kukuza cha sonara, chenye nguvu mara kumi.

Lugha nayo ni shahidi, ingawa si wa kuapishwa. Fuata njia za wamisionari. Wafransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua Bagamoyo 1868, na Mapadre Weupe wakapita hapo 1878 kwenda Maziwa Makuu. Kwa hiyo "priez pour nous" (utuombee) inategemewa kuanzia pwani mpaka Tanganyika na Kongo. Wabenediktini kutoka Bavaria walifika Pugu 1888, wakafungua Peramiho 1898 na Ndanda 1906, nao walikuja na "bitte für uns". Wakonsolata kutoka Torino wako Kenya tangu 1902 na Iringa tangu 1919: hao ni "prega per noi". Kilatini, "ora pro nobis", hakikuambii kitu, kilitumika na wote. Medali yangu moja ni ya Kijerumani, na shangazi alikumbuka kuwa mama mkwe wake alisomea kwa masista Kusini. Hapo shahidi wa lugha na shahidi wa ukoo wakakutana, na hiyo ndiyo furaha ya medali ambayo sarafu haijawahi kunipa.

Medali ya Benedikto inastahili mstari wake. Herufi zake zilikuwa fumbo mpaka 1647, zilipofafanuliwa katika abasia (monasteri) ya Metten, Bavaria: C S S M L ni Crux Sacra Sit Mihi Lux, Msalaba mtakatifu uwe nuru yangu; N D S M D, joka lisiwe kiongozi wangu. Kupambanua ya zamani na ya yubilei, tazama juu ya upande wa msalaba. PAX maana yake ni muundo wa 1880 na kuendelea. IHS ni muundo wa kabla yake, na hapo una haki ya kukaa chini na kuvuta pumzi.

Jina la mchongaji lisikulaghai. PENIN wa Lyon ni jina kubwa. Alifariki 1868, lakini karakana iliendelea, na medali nyingi zimeandikwa PENIN PONCET kwa sababu Poncet alirithi kazi.

Kuvipata, na pale sheria inapokaa

Makopo ya familia ndiyo chanzo bora kwa vyote viwili. Baada ya hapo njia zinaachana. Sarafu utazikuta kwa masonara, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe na Mji wa Kale Mombasa. Wahi kwa sonara, kwani yeye huona gramu tu. Rupia ikiingia kwenye chungu chake imekwisha. Medali hazikai huko. Ziko kwenye rozari zilizokatika, kwenye vitabu vya sala, kwenye mifuko ya makoti ya marehemu, na wenyewe hawazioni kama mali. Uliza kwa adabu, na usiombe kununua siku ya kwanza. Kumbuka pia kwamba kwa taratibu za Kanisa, rehema (msamaha wa adhabu za dhambi) iliyoambatishwa kwenye kifaa cha ibada hukoma kifaa kikiuzwa. Kuna mabibi wanaolijua hilo vizuri kuliko wewe na watakataa fedha yako, lakini watakupa bure.

Ardhini na ufukweni ni habari nyingine. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kwa sheria hiyo kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 ni mabaki ya kale yanayolindwa. Kuchimba bila leseni ni kosa, na kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Kenya, kwa sheria yake ya 2006, mpaka ni 1895. Hapo ndipo sarafu za Kilwa zinapotoka kwenye orodha yako. Pale Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ziliibuka sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za Kifatimi za dhahabu, na tunajua zina maana gani kwa sababu wanaakiolojia walizikuta zilipolala. Zingetoka moja moja mfukoni mwa mtu, zingebaki vipande vya fedha tu.

Kuhusu mashine za kutafutia madini na "hazina za Mjerumani": nimeona watu wazima wakichimba chini ya mbuyu usiku kwa ramani ya kuchora kwa kalamu. Nimesikia pia habari za rupia inayovuta sindano au mchele, inayonunuliwa kwa mamilioni na tajiri asiyeonekana. Rupia ni fedha na shaba. Haivuti hata kipini cha nywele. Kama inavuta, ina chuma ndani, na kama ina chuma ndani, si rupia.

Bandia

Kwa sarafu, mizani ya sonara inayosoma sehemu za gramu itakuokoa mara tisa katika kumi. Tazama ukingo: ya kumiminwa kwenye kalibu ina mstari wa maungio na vitundu vya hewa usoni, ya kupigwa chapa haina. Uangalie pia athari ya kitanzi, maana reale na rupia nyingi ziliunganishwa kwenye vidani. Penye alama ya kuchomelea, bei ya mkusanyaji hushuka, hata kama kidani chenyewe kina uzuri wake.

Kwa medali hakuna anayejisumbua kughushi kitu cha bei ndogo. Hapo adui ni wewe mwenyewe na hamu yako ya kutaka iwe ya zamani. Tazama ndani ya kitanzi: medali iliyovaliwa miaka 40 imeliwa juu, palepale uzi ulipokaa, na uso wa mtakatifu umelainika mahali palipogusa ngozi. Mpya iliyopakwa weusi ina weusi kila mahali sawasawa.

Mtu na chaguo lake

Mwenye subira ndogo, anayependa kumaliza seti na kujua ana nini: sarafu, tena senti na shilingi za Afrika Mashariki, kisha Mjerumani. Reale aiache mpaka mwaka wa tatu. Mwenye mfuko mwembamba lakini ana bibi, kijiji cha misheni na muda wa kuzungumza na wazee: medali. Mwenye nia ya kuuza kwa faida ningemwambia sarafu, kwa sababu medali nzuri inapotoka nje ya ukoo wake hupoteza nusu ya ilichokuwa nacho. Mimi mwenyewe nina sarafu nyingi zaidi, na ninazozitazama jioni ni medali.

Chochote utakachochagua, usikisafishe. Nilisugua hela moja ya 1908 kwa ndimu na majivu ikang'aa kama sufuria ya harusi, na siku niliyoionyesha kwa mkusanyaji mzoefu aliirudisha mezani bila kusema neno. Utando wa rangi ya kahawa uliochukua miaka mia kujitanda niliuondoa kwa dakika tano. Unga wa kijani unaopukutika peke yake ndio wa kutengwa na vingine, maana shaba huambukizana kwa unyevu. Vifuko laini vya plastiki vinavyonuka hutoa majimaji yanayoharibu chuma. Tumia bahasha ndogo za karatasi, andika juu yake ulikipata kwa nani, wapi, lini, na weka bati lote mbali na ukuta wa upande wa bahari. Na medali ikija na uzi wake mchakavu, uache uzi huo pale pale ulipo.